Pembe Nne kwenye Waya wa Mpwapwa

Ninyi mliobaki kwenye meza za simu hapa Dodoma mmeniomba mara nyingi niwaeleze kazi yetu ilikuwaje wakati wa Mdachi, nami nilikuwa nikiwajibu kwamba nitasimulia nikipata nafasi. Sasa nafasi ninayo tele. Tangu nikabidhi funguo sina hata mtu wa kumgombeza. Basi nimekaa kuandika kabla sijafunga mizigo kurudi kwetu Kondoa. Habari za nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini sitazigusa. Waliopandishwa wanajijua, na waliolipwa wamekwisha kula.

Nilipofika Dodoma reli ilikuwa mpya, mji ukiwa mahema, marundo ya mataruma na vumbi. Simu tuliyoijua ilikuwa ya kugonga, nukta na mistari, kama mnavyogonga ninyi leo. Mkubwa wa makarani alikuwa Mzee Farhani, mtu wa Bagamoyo, mnene, mwenye kikohozi, aliyepanda bara pamoja na waya wenyewe, nguzo kwa nguzo. Nilimwamkia shikamoo, naye akaniitikia huku akinitazama masikio badala ya uso. Nilikuja na cheti cha shule nikitaka kumwonyesha. Akakiweka chini ya kikombe chake cha kahawa ili meza isichafuke, akaniambia niketi niipe mashine mgongo.

“Ukiitazama utayaamini macho,” alisema. “Mimi nataka mwenye masikio.”

Nilikaa hivyo wiki nzima na zaidi, nikitazama ukuta wa udongo na kusikiliza. Mashine ilikuwa na utepe wa karatasi wa kuchapa alama, lakini utepe ulitoka pwani kwa shida, tena ukifika umeloa. Ndiyo maana Mzee Farhani hakuuamini. Alinifundisha kwamba kila karani ana mkono wake. Yuko anayegonga kama anayekimbia mvua, na yuko anayeburuta mistari kama mwenye usingizi. Ukizoea, alama mbili tatu zinakutosha kumjua aliye upande wa pili. Wa Kilimatinde alikuwa na hasira. Wa Mpwapwa aligonga taratibu, kila alama imekaa mahali pake, kama mtu anayepanga vyombo vilivyooshwa. Huyo ndiye Andrea. Nilimjua mkono muda mrefu kabla ya kumwona sura.

Taabu za kazi mnazijua, ila sisi tulikuwa na twiga. Twiga hakusoma tangazo la serikali. Alipita na shingo yake, waya ukakatika, nasi tukatoka na ngazi. Akina mama wa vijijini nao waliona waya unafaa kwa bangili, na kwa kweli uliwapendeza.

Siku moja Mpwapwa ikaleta simu isiyo na maana: herufi moja na namba moja, basi. Ilielekezwa kwa Mdachi mmoja fundi wa reli, tuliyemwita Bwana Kamba kwa kuwa kila mara alikuwa akipima ardhi. Nikampelekea. Akaisoma, akatabasamu, akaandika jibu: herufi moja, namba moja. Ikawa hivyo kila waya ulipokuwa kimya. Mimi nilidhani ni mambo ya vita. Mzee Farhani alidhani ni mambo ya mwanamke.

Nilipozoeana na Bwana Kamba kidogo nikamwuliza. Akanipeleka barazani kwake, akanionyesha ubao wa mninga uliochorwa mistari ya kukatana, na bakuli mbili za kete, nyeusi na nyeupe. Alikuwa amekaa mashariki ya mbali, upande wa Wachina, na huko alijifunza mchezo huu uitwao Go. Rafiki yake, daktari wa mifugo wa Mpwapwa, alikuwa na ubao kama huo, nao walicheza kwa simu. Ile herufi na namba ilitaja mahali kete inapowekwa.

Mchezo wenyewe si mgumu kueleza. Unaweka kete moja mistari inapokutana, mwenzako naye anaweka yake, na kete ikishawekwa haitembei. Unachotafuta ni kuzungusha ardhi, kama mtu anayejenga boma la ng'ombe. Kete iliyozingirwa pande zote hutolewa. Nikamwuliza kwa nini wote wawili huanzia pembeni, wakati katikati ni peupe na pazuri.

“Pembeni kuta mbili zimekwisha kujengwa,” alinijibu kwa Kiswahili chake cha kuvunjika. “Wewe unajenga mbili tu. Katikati utajenga zote.”

Kisha akanionyesha kwamba hata pembe ina namna zake. Unaweza kuingia ndani kabisa, mstari wa tatu kwa wa tatu, pembe ikawa yako papo hapo, ndogo lakini salama. Unaweza kusimama nne kwa nne. Hapo mlango unauacha wazi nyuma yako, lakini uso wako unatazama nchi nzima. Na zipo za kusimama ubavuni, tatu kwa nne au juu zaidi, za mtu anayetaka vyote viwili. Hakuna iliyo bora, alisema. Kila moja inadai ulipe mahali fulani baadaye.

Yule daktari, nilikuja kujua, alikuwa amemweleza Andrea maneno hayo hayo. Reli iliposonga magharibi Bwana Kamba aliondoka nayo, ule ubao akaniachia. Daktari naye akarudi kwao. Waya ukabaki na sisi. Mchana mmoja wa joto, kazi ikiwa imelala, Mpwapwa ikagonga herufi moja na namba moja. Tatu kwa tatu, pembeni kabisa. Sikuwa na mtu wa kumpelekea, maana ilikuwa yangu.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Maongezi ya makarani kwenye waya wa serikali yalikatazwa, lakini Mzee Farhani alisema kete si maongezi, ni kujaribu kama waya mzima. Tulicheza misimu ya mvua na ya kiangazi. Andrea alianza tatu kwa tatu, daima. Mimi nilipenda nne kwa nne. Siku moja nikamgongea kumwuliza kwa nini anajibana vile. Akajibu kwa maneno machache kwamba amezaliwa mwaka wa njaa, na mtu wa Ugogo kwanza hujaza ghala. Baadaye ndipo hutazama mandhari. Nikamwambia sisi tumekulia milimani, kutazama mbali ni bure. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu ndefu kuliko zote, nami nililala nikiifikiria kama mtu aliyepata ndugu.

Kisha mambo yakaharibika. Niliweka kete nne kwa nne, naye akajibu mahali pasipo na maana. Mtu mwingine ningesema amekosea kucheza, lakini Andrea hakuwa mtu wa kukosea pembeni. Nikaitazama kete yake muda mrefu. Ilikuwa jibu sahihi kabisa kwa mtu aliyesimama ubavuni, tatu kwa nne. Mnajua wenyewe: tatu ni nukta tatu na mistari miwili, nne ni nukta nne na mstari mmoja. Tofauti ni alama moja tu. Herufi aliisikia sawa, ila namba niligonga nne, yeye akasikia tatu. Nikairudia namba kwa upole. Siku iliyofuata ikawa vilevile kwenye pembe nyingine.

Kete si kitu. Lakini wakati ule sotoka ilikuwa imeingia nchini, na simu za Mpwapwa zilikuwa za ng'ombe: kundi gani lizuiwe, njia ipi ifungwe, vijiji vingapi. Karani akisikia tatu badala ya nne, kijiji kimoja kinapitisha ng'ombe wagonjwa. Nilimweleza Mzee Farhani nikiogopa atapeleka habari juu. Alikohoa.

“Betri zao hazijakaguliwa,” alisema. “Nenda ukazikague. Na ukae mpaka ziwe nzima.”

Nilipanda gari la moshi hadi Gulwe, kisha nikatembea na wachukuzi kufika Mpwapwa. Nyumba ya simu ilikuwa ndogo, na mlangoni alisimama mtu mrefu, mwembamba, mwenye msalaba wa mbao shingoni. Nikasema, “Mimi ndiye Idi wa Dodoma.”

Akanitazama midomo, akatabasamu kwa heshima kama kwa mgeni yeyote, akasema, “Maji yamo mtungini, karibu unywe.”

Nilisema tena, kwa sauti zaidi. Akaitikia, “Mbukwa, mbukwa,” salamu ya Kigogo, akaingia ndani kunitafutia kata. Nikamfuata. Mkewe Rebeka alikuwa uani akitwanga uwele. Alinitazama, nami nikaona kwamba anajua. Baadaye alinieleza kwamba Andrea aliugua homa kali masika yaliyopita, akanyweshwa dawa chungu siku nyingi. Tangu hapo masikio yanavuma kama nyuki.

“Ananigombeza,” Rebeka alisema. “Anasema siku hizi nimekuwa mwanamke wa kunong'ona.”

Andrea aliniletea maji, akaketi mezani, kiganja chake juu ya ubao wa meza. Nikafanya nililozoea. Nikaugonga ule ubao kwa kifundo cha kidole, alama za jina langu, jinsi nilivyozigonga kila asubuhi miaka yote ile.

Uso wake ukabadilika. Hakunitazama mimi, alitazama mkono wake mwenyewe, kana kwamba umemsemesha. Kisha machozi yakamjaa.

“Idi,” alisema. “Kumbe ni wewe.”

Tulikaa vile, mimi nikigonga, yeye akijibu kwa mdomo, mpaka uwele ukaiva ukawa ugali. Aliniambia alikuwa akijua masikio yanakwisha. Kwa simu za ng'ombe alikuwa akiomba kila namba irudiwe, na makarani wa Kilosa walianza kumcheka. Kwenye kete hakuomba, kwa sababu hakutaka mimi nijue. Alikuwa na watoto wawili na mama mzee. Mkaguzi wa posta alikuwa njiani, akipima makarani kituo kwa kituo, na karani asiyesikia hana kazi.

Basi tukaanza mazoezi. Tuliitoa mashine kwenye mto wa kitambaa uliowekwa chini yake ipunguze kelele, tukaikaza kwa skrubu juu ya mbao. Andrea akaweka vidole viwili ubavuni mwa sanduku lake. Mwanzo alipata mtikisiko tu, kama wa gari linalopita mbali. Nikamgongea polepole, na nilichomgongea ni kete. Ubao wake ulikuwa ngozi ya ng'ombe, zawadi ya yule daktari, mistari imechomwa kwa chuma cha moto. Tuliutandika sakafuni kando ya meza.

Mazoezi ya pembe yalikuwa na mtego wake. Pembeni njia za kuanza ni chache, na mchezaji mzuri hukisia. Nikigonga herufi tu, Andrea alishajua namba inayofuata kwa busara ya mchezo, wala si kwa vidole. Kwa hiyo nikaanza kucheza ovyo makusudi. Niliweka kete mahali ambapo hata mlevi asingeweka. Akazitandika ngozini moja moja huku uso umekunjamana.

“Ndugu yangu,” alisema, “hapa kweli?”

Nikagonga: kweli.

“Basi vidole vyangu ni vizima, akili yako ndiyo inaumwa.”

Rebeka alicheka mpaka akaweka mchi chini. Nilikaa mpaka alipoweza kupokea kwa mwendo wa kawaida, tatu ikiwa tatu na nne ikiwa nne. Nikarudi Dodoma nikamwambia Mzee Farhani kwamba betri ni nzima.

Mkaguzi alipofika Mpwapwa, mtihani ulitumwa kutoka kwetu, na zamu ilikuwa yangu. Nilimwuliza Mzee Farhani kama nipunguze mwendo kidogo tu. Akakataa.

“Mgongee kama unavyowagongea wote,” alisema. “Ukimpunguzia leo, kesho nani atampunguzia?”

Nikagonga. Karatasi nzima, majina ya Kidachi marefu kama mkia wa treni, na namba nyingi. Katikati Andrea aliomba jambo moja lirudiwe, kisha akaendelea. Nilipomaliza waya ukanyamaza. Nikakaa na mkono juu ya kigongeo, Mzee Farhani nyuma yangu bila kukohoa.

Yaliyotokea kule Andrea alinisimulia baadaye. Mkaguzi alilinganisha karatasi, hakuona kosa. Kisha akauliza kwa nini karani ameshika mashine. Andrea alimsoma midomo, akasimama, akamweleza kwamba masikio yameharibiwa na dawa ya homa, ila vidole bado vinasikia. Mkaguzi alizunguka meza, akaweka vidole vyake mwenyewe kwenye sanduku, akamwashiria msaidizi wake agonge. Akakaa hivyo kitambo. Halafu akasema jasho la mikono litaipa mashine ya serikali kutu, kwa hiyo karani atumie kitambaa chembamba. Akafunga mkoba wake akaenda kula. Mpwapwa ikagonga kwetu: “Kitambaa.” Hatukuelewa mpaka jioni yake, lakini tulijua ni neno la mtu aliyebaki kazini.

Miaka iliyofuata ilikuwa mizuri. Kisha vita ikaja. Makaburu wa jeshi la Mwingereza waliposhuka kutoka Kondoa, tuliamriwa kufungua mashine, kuvunja betri na kuondoka. Nilikuwa na bisibisi mkononi Mpwapwa ilipoita. Andrea alikuwa amepata amri hiyo hiyo. Tulikuwa na mchezo mpya, pembe nne ndiyo kwanza zimewekwa, mbili zake na mbili zangu. Nilidhani atacheza. Badala yake aligonga kwa maneno kamili, taratibu, kila alama mahali pake, kwamba Rebeka amejifungua binti, kwamba wote wazima, na kwamba nijiangalie. Nikamjibu Mungu awalinde. Kisha nikalegeza skrubu ya kwanza.

Baada ya Wadachi kuondoka ilikuja njaa. Ninyi wengine mlizaliwa humo, mmesimuliwa. Majeshi yote mawili yalikuwa yamekula ng'ombe na nafaka, na mvua haikunyesha. Nilirudishwa kwenye mashine na Waingereza, lakini Mpwapwa upande wa pili alikaa mtu mwingine, mwenye mkono wa haraka. Nilipopata ruhusa nilibeba mfuko wa unga nikashuka Gulwe.

Andrea alikuwa hai. Alikuwa amekonda hata msalaba ulionekana mzito kifuani mwake, na masikio yalikuwa yamefungika kabisa. Mama yake alikuwa amekufa, na mtoto mmoja. Binti aliyezaliwa siku ile alikuwa akitembea. Tulikumbatiana. Nilipomaliza kulia, nikaugonga mlango aliouegemea kumwuliza ile ngozi iko wapi.

Alitazama chini. “Tuliula ubao,” alisema. “Rebeka aliiloweka, akaichemsha kutwa. Alianza kukata pembeni.”

Akanitazama kuona kama nimeudhika. Nikamshika kiganja nikagonga kwamba hajawahi kucheza kete nzuri kuliko hiyo. Binti yake akaja akasimama katikati yetu kutazama tunafanya nini na mikono. Rebeka aliusonga ule unga niliouleta, tukala kimya, maana mwaka ule hakuna aliyeacha chakula kipoe kwa ajili ya maongezi.

Waingereza hawakumpa kazi, maana walipima kwa masikio na hawakutaka kuelezwa. Akalima, akafundisha kusoma kanisani, mvua ziliporudi akawa mtu wa ghala lililojaa. Na kila baada ya mavuno alipanda gari la moshi kuja kunitembelea. Wakati huo kiti cha Mzee Farhani nilikikalia mimi, na hapo ndipo mnapoingia ninyi.

Yule mzee kiziwi aliyekuwa akipita nyuma ya viti vyenu, akiweka vidole kwenye meza moja, kisha nyingine, ndiye Andrea. Najua mlikuwa mkisema anakagua mchwa. Alikuwa akiwasikiliza. Tulipokwenda nyumbani kula, alinieleza mkono wa kila mmoja wenu: huyu ana pupa, huyu ameanza kuwa fundi, huyu anamwogopa aliye upande wa pili. Sikumpinga hata mara moja, na wengi niliowasogeza karibu na dirisha au mbali na mlango, niliwasogeza kwa neno lake.

Safari yake ya mwisho alikawia kwenye meza moja. Njiani aliniambia kwamba mwenye meza ile anagonga kama mtu aliyefiwa, mistari inaanza vizuri, mwishoni inalegea. Mimi nilikuwa nimekaa na kijana huyo chumba kimoja siku zote hizo, nikaona anakuja mapema, anatoka kwa wakati, nikaridhika. Nikaulizia mtaani kwake. Ni kweli, yeye na mkewe walikuwa wamezika mtoto, hakumwambia mtu kazini. Kesho yake nilimwita nikampa likizo hadi mwisho wa mwezi bila kumwuliza lolote, naye alisimama pale mlangoni akinitazama, asijue nimejuaje.

Andrea tulimzika Mpwapwa mwaka huu. Na wewe bwana, uko hapo kwenye meza ya tatu. Sasa umejua.